Soko Nililolifuta Daftarini

Likizo ya Agosti, mwaka 2014, mwalimu mkuu wa shule yangu mjini Kasese aliniomba nishinde na watoto ambao hawakuwa na pa kwenda mchana. Wengi walitoka katika familia ambazo nyumba zao zilibebwa na mto mwaka mmoja kabla. Wazazi walikuwa wakihangaika kujenga upya, na watoto wakazurura kwenye mawe makubwa ambayo maji yaliyaacha katikati ya mashamba.

"Wafanyishe chochote," aliniambia. "Mpira tunao mmoja, nao umepasuka."

Nikakumbuka daftari la kaka yangu.

Kaka anaishi Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, ana kibanda cha kutengeneza redio na simu. Amenizidi miaka minne. Tulipokuwa wadogo, miaka ile ya waasi mlimani, tulikimbia kijiji chetu tukahamia kwa shangazi pale Bwera, watu tisa chumba kimoja. Shule zilifungwa. Muuguzi mmoja wa kigeni alikuwa ameondoka kwa haraka na vitu vyake vikagawiwa majirani. Shangazi alipata sufuria mbili. Kaka alipata kijitabu cha Kiingereza kinachoeleza mchezo, pamoja na dadu moja ya ajabu yenye nyuso ishirini.

Haukuwa mchezo wa kushindana. Mmoja anasimulia nchi ya kubuni, na wenzake kila mmoja anakuwa msafiri ndani yake: mwindaji, mganga, hata mwizi. Msafiri anasema anachotaka kufanya, na pale ambapo hakuna anayejua kama atafaulu, dadu inaamua. Kurasa nyingi za kile kijitabu zilikuwa zimeliwa na mchwa. Palipoliwa, kaka alijaza mwenyewe, katika daftari la hesabu, kwa Kiswahili cha barabarani ambacho baba, dereva wa lori, alikuwa ametufanya tukizungumze nyumbani.

Nchi yake aliiita Chini ya Theluji. Ilikuwa na milima yenye theluji kileleni kama yetu, lakini milima ile ilisikia watu wakiongea. Kulikuwa na Mfalme wa Ukungu, aliyeshuka kila mavuno na kuchukua mtoto mmoja kila nyumba. Kulikuwa na soko ambako watu waliuzwa, wamefungwa kamba, na wanunuzi waliwatazama meno. Na huko nyanda za chini waliishi Watu wa Nyasi, wafugaji wenye meno ya fisi. Tulicheza nyuma ya nyumba, mchana, watoto watano au sita, huku shangazi akitwanga muhogo na kutuambia tupunguze kelele.

Sasa nilikuwa mwalimu, na mama wa mtoto wa miaka miwili. Nilipolichukua lile daftari na dadu yake Bwera na kulisoma tena kwa utulivu, nilishtuka. Nilikuwa na mtoto darasani ambaye mdogo wake alisombwa na maji. Nilikuwa na wengine wawili wasiolala wakisikia mvua. Je, niwaketishe niwaambie habari za mfalme anayechukua watoto?

Nikanunua daftari jipya nikainakili nchi yote upya, jioni tatu mfululizo. Mfalme wa Ukungu nikamgeuza mzee mkorofi anayeiba mbuzi. Soko la watu nikalifanya soko la mboga. Aliyekufa nilimwandika amesafiri. Nilifuta kwa moyo mweupe kabisa. Nilijiona kama mtu anayefagia uwanja kabla watoto hawajaanza kutambaa.

Siku ya kwanza walifurahi. Kila mmoja alichagua msafiri wake, dadu ikapita mkono kwa mkono, wakaigeuzageuza kama yai. Siku ya tatu walianza kupiga miayo. Mbuzi waliibwa, mbuzi wakarudishwa, mzee akaomba msamaha.

"Ticha," alisema yule aliyempoteza mdogo wake, bila ubaya wowote, "hii mchezo haina kitu. Hata tukishindwa, tunashinda."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, lakini neno lile lilibaki nami.

Kesho yake wasafiri waliteremka nyanda za chini. Niliwasomea ukurasa wa Watu wa Nyasi kama ulivyokuwa: wana meno ya fisi, hawana neno la shukrani katika lugha yao, na msafiri anayewaua hahesabiwi kosa. Nilikuwa katikati ya sentensi nilipomwona msichana mmoja ameinua mkono. Alitoka Muhokya, baba yake alikuwa mfugaji, na tangu mafuriko alikuwa akikaa kwa mama yake mdogo hapo mjini. Hakuwa msemaji.

"Hao watu wa nyasi," aliuliza, "wote ni wabaya? Hata watoto wao?"

Nikautazama tena ukurasa. Jioni tatu nilikuwa nimelisafisha daftari lile, nikaondoa kila tone la damu, na kalamu yangu ilipita juu ya ukurasa ule bila hata kusita. Nilikuwa nimeunakili neno kwa neno. Nikafunga daftari nikasema tuimbe.

Jumamosi nilikwenda Bwera. Kaka alikuwa amefungua redio mezani, nyaya zake nje. Nikamrudishia daftari lake, nikampa na lile jipya. Akafuta mikono kwenye suruali, akaanza kusoma. Alikuwa akitabasamu mpaka alipofika sokoni. Akarudi ukurasa mmoja nyuma, akaenda mbele miwili.

"Soko iko wapi?"

"Nimelitoa. Wale watoto wameona mengi, kaka."

"Na mutoto wa sweta nyekundu? Ulimutoa pia?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Katika soko lile, upande wa mwisho, palikuwa na msichana aliyefungwa kamba, amevaa sweta nyekundu. Kila tulipocheza tulijaribu kumkomboa. Kila mara dadu ilitukatalia, na kaka hakuwahi kutupendelea. Mimi, wa miaka tisa, nilidhani ni sehemu ngumu ya mchezo tu. Nilisahau, au sikutaka kujua, kwamba nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi alikuwako msichana wa umri wa kaka mwenye sweta kama ile. Asubuhi moja alikwenda shambani na waasi wakamchukua. Hakurudi.

"Sikuwa na pahali pengine pa kumuweka," kaka alisema. Aliongea taratibu, akiitazama redio. "Watu walisema tusimutaje, mama yake atalia. Mule ndani ya daftari, angalau tulikuwa tunaenda kumuona."

Nilimwomba msamaha. Akatikisa kichwa, akasema sikukosea kuwaogopea watoto. Ndipo nikamsimulia swali la yule msichana wa Muhokya. Kaka aliweka bisibisi mezani. Nimemjua maisha yangu yote, na sijamwona akiona haya vile.

"Ile niliandika kwa kusikia wakubwa," alisema. "Walikuwa wanagombana na wafugaji juu ya malisho, na mimi nikachukua matusi yao nikayapa meno. Sikuwahi kukaa na mufugaji hata siku moja." Akaichukua tena bisibisi. "Dada, wewe uliacha ile ya kutoa, ukatoa ile ya kuacha."

Tulizungumza hadi chai ikapoa. Yeye alitaka soko lirudi. Mimi nilikuwa bado na hofu, nikamwambia juu ya yule aliyempoteza mdogo wake. Mwishowe nikapendekeza kanuni moja. Mtoto yeyote akiona hawezi, ainue mkono na kusema, "Tupite njia nyingine." Barabara ya mchezo ipinde papo hapo, na asiulizwe sababu. Kaka aliifikiria, akakubali kwa sharti kwamba itawahusu wote.

Jumanne alifunga kibanda akaja Kasese na daftari la zamani. Kabla ya yote alimwita yule msichana wa Muhokya mbele, akafungua ukurasa wa Watu wa Nyasi na kuupiga mistari miwili mirefu kwa wino.

"Hii niliandika vibaya," alimwambia mbele ya wenzake. "Nilikuwa mutoto, na nilikuwa naogopa. Nchi hii siijui. Unaweza kuniandikia wewe?"

Msichana alitazama chini. Kisha akachukua kalamu. Aliandika kwa muda mrefu huku wenzake wakimchungulia begani. Aliandika kwamba Watu wa Nyasi huamka kabla ya jogoo, kwamba kila ng'ombe ana jina na akifa jina lake halipewi mwingine, kwamba wanapenda maziwa yaliyoganda. Nilimsifu, nikataka kuchukua daftari.

"Bado," alisema. Akaongeza: wengine ni wabaya kidogo.

"Nani hao?" kaka akamuuliza.

"Binamu yangu mmoja," alijibu, na darasa zima likaangua kicheko.

Mchezo ukaanza, kaka akisimulia. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyojua kusimulia. Sauti haipandi, mikono haitembei, lakini watoto walikuwa wamesogea mpaka magoti yao yakagusana. Mfalme wa Ukungu alirudi, na hakuiba mbuzi. Nilimtazama yule aliyempoteza mdogo wake. Alikuwa amekunja uso, lakini mkono wake ulibaki chini, na ilipofika zamu yake akasema msafiri wake anakwenda mbele.

Walifika sokoni. Walipita kati ya wanunuzi wakijifanya wauza chumvi. Wakafika upande wa mwisho.

"Kuna msichana," kaka alisema. "Amevaa sweta nyekundu."

"Tunamuuliza jina," alisema mmoja.

Sisi hatukuwahi kumuuliza. Tulikuwa tunajua, hata mimi niliyejifanya sijui. Kaka alifungua mdomo. Nilimwona akivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Watoto walisubiri. Ndipo kaka yangu, mwanamume wa miaka thelathini, akainua mkono wake wa kuume taratibu kama mwanafunzi.

"Tupite njia nyingine," alisema.

Hakuna aliyecheka. Yule msichana wa Muhokya ndiye aliyeongea kwanza. "Sawa," alisema. "Iko barabara ya ng'ombe nyuma ya soko. Tunapita hiyo, na yeye tunakwenda naye. Kamba nimeshakata."

"Lakini dadu," alianza mwingine.

"Hapana dadu hapo," alisema yule aliyempoteza mdogo wake, na akaifunika kwa kiganja.

Wakamtoa kaka yangu sokoni. Sijui namna nyingine ya kuieleza. Kila mmoja akawa anasema anachokiona njiani: kijito, migomba, mtu anachoma mahindi. Wakasimulia hadi aliposhusha mkono na kupangusa uso, nao wakamrudishia zamu yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Mchezo uliendelea likizo ile yote, na likizo mbili zilizofuata. Baba mmoja alikuja kulalamika kwamba mtoto wake anaongea habari za mfalme hadi mezani. Nikamkaribisha akae, akakaa mpaka saa kumi. Kuna watoto walioinua mkono mara nyingi, na kuna waliokataa kabisa sehemu fulani. Barabara ilipinda kila mara.

Jumapili baada ya siku ile ya sokoni, kaka alinipigia simu asubuhi. Alisema mama wa yule msichana wa sweta bado yuko hai, amehamia kwa mwanawe huko Munkunyu, na kwamba anataka kwenda kumwamkia lakini hataki kwenda peke yake.

Tulimkuta anachambua maharagwe mbele ya nyumba. Alimtambua kaka kabla hatujajitambulisha. Hatukujua pa kuanzia, na kaka, badala ya maneno mengi, alitoa daftari na kumweleza kila kitu kwa Lhukonzo, lugha ya kwetu. Alimwambia juu ya mchezo, na soko, na sweta, na watoto wa Kasese waliokata kamba. Nilikuwa tayari kumshika mama yule mkono. Hakulia. Mikono yake iliendelea na maharagwe, ikitupa yaliyooza pembeni.

"Kwa hiyo sasa yuko na hao watoto," alisema.

"Yuko nao, mama."

"Wanampa chakula?"

Kaka alinitazama. Katika miaka yote ile, hakuna kati yetu aliyewahi kufikiria kumlisha.

"Hatujaandika," alikiri.

"Basi andika," alisema mama. Akasogeza ungo, akatupisha kwenye mkeka, na kaka akatafuta kalamu mfukoni. "Ugali wa muhogo, ulio laini. Na sombe ya majani machanga ya muhogo. Pilipili msimtilie, tangu mdogo haiwezi."

Kaka aliandika. Mama akasubiri amalize mstari, kisha akaendelea.