Ng'ombe wa Miguu Juu

Marehemu mume wangu hakuwa mtu wa zawadi. Khanga nilijinunulia mwenyewe, na sukari akiileta, ni kwa ajili ya uji wake. Zawadi aliyonipa maisha yetu yote ni moja tu: stempu ya posta yenye ng'ombe aliyelala miguu juu.

Alikuwa tarishi kwenye ofisi moja pale Mwadui. Siku moja katumwa kununua stempu, moja ikatokea imechapwa vibaya. Maandishi yamekaa sawa, ila ng'ombe kichwa chini, kwato zinaangalia mbinguni. Bosi wake akakataa kuibandika kwenye barua. "Mpelekee mkeo," akasema, "si ndiye anayeokota makaratasi?"

Ni kweli nilikuwa naokota. Bahasha tupu za ofisi ile zote zilikuja kwangu. Naziloweka kwenye beseni, gundi inalegea, nachomoa stempu taratibu kwa ukucha, kisha nazianika uani kwenye ungo kama dagaa. Majirani walinicheka: wenzako wanaanika mihogo, wewe unaanika picha! Nikawaacha wacheke. Shule niliishia darasa la tatu, lakini uani kwangu wamepita wafalme, meli, na ndege wa kila aina ya mdomo.

Ile ya ng'ombe sikuiloweka. Haikuwahi kubandikwa popote, na gundi yake ya nyuma ilikuwa inang'aa kama siku ile niliyopewa. Shemeji yangu, mfugaji, hakuweza kuitazama. Akija anaigeuza albamu ili ng'ombe asimame. "Huyu kafa, Mayu," ananiambia, yaani mama kwa Kisukuma. "Mzike tu."

Sasa nina mjukuu, mtoto wa binti yangu, anasoma chuo Geita. Ana akili huyo, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Hata angekuwa wa jirani ningekubali, ingawa ningeumia. Alimpiga picha ng'ombe wangu kwa simu, akaituma mtandaoni kwa wakusanya stempu ili kunisifia. "Bibi, makosa kama haya watu wanayatafuta dunia nzima!" Mara mtu mmoja wa mjini akajibu kwamba anakuja kuinunua.

Mimi ningemwambia asijisumbue. Lakini habari ikamfikia baba wa huyo mjukuu, yaani mkwe wangu, mchimbaji wa dhahabu Mwakitolyo. Shimo lake lilikuwa limejaa maji, anatafuta pampu. Mahali nilipoona ng'ombe, yeye aliona pampu.

Na kwetu, mama mkwe habishani na mume wa binti yake. Hatuli pamoja, hatuangaliani usoni, kugusana ndiyo usiseme kabisa. Neno lolote linapitia kwa mtu wa katikati. Kwa hiyo siku mgeni alipofika nilikaa mlangoni nimewapa mgongo, khanga kichwani, mjukuu akawa anapokea huku na kupeleka kule.

"Mwambie baba yako siuzi."

"Baba, bibi anasema hauzi."

"Mwambie bibi yako mgeni katoka mbali, aone tu."

"Waambie wote wawili: hakuna anayetoka mbali hivyo kuja kuona tu."

"Baba, bibi anasema karibuni chai."

Nimewaambia ana akili.

Mgeni hakuishika stempu kwa mkono. Aliiinua kwa kibano kidogo, kama anatoa mwiba, akaweka lenzi jichoni. Nikageuza shingo kidogo kuchungulia. "Sijawahi kuona kitu kama hiki," akasema. Nikavimba kwa sifa, papo hapo nikaogopa ataondoka nayo. Kisha akasema, "Niione nyuma. Thamani yake kubwa iko nyuma."

Hapo ndipo mkwe wangu aliposimama. Mchimbaji akiokota jiwe hulilamba, maana likilowa dhahabu inajitokeza. Huyu amelamba mawe tangu ujana wake. Nadhani hata wali anaulamba kwanza. Kusikia thamani iko nyuma, akainyakua stempu, akaigeuza, akailamba kwa ulimi wote.

Ikanasa.

Akabaki ulimi nje, ng'ombe wangu kalala juu yake. "Nhhh!" akasema.

"Baba, usimeze!" mjukuu akapiga kelele. "Bibi, koo linacheza!"

Mgeni akaja na kibano, nusura amtoboe pua. Nani mwingine pale aliyejua kuchomoa stempu iliyolowa? Na zawadi pekee ya mume wangu ilikuwa inaelekea tumboni kwa mtu ambaye sijawahi kumtazama machoni. Nikatupa khanga kando.

"Achama!"

Hilo ndilo neno la kwanza kumwambia moja kwa moja tangu amwoe binti yangu. Nikamkamata taya kama nampa ndama dawa. Maskini, akafumba macho kwa heshima. Nikamdondoshea maji, nikapitisha ukucha kwenye kona, taratibu, taratibu, ikatoka nzima.

"Asante, Mayu," akanong'ona, macho bado kayafumba.

"Mwambie baba yako anyamaze," nikamwambia mjukuu. Adabu ilikuwa imenirudia.

Mgeni akaitazama nyuma. Gundi yote imeishia kwenye ulimi wa mkwe. "Bibi," akasema kwa huzuni, "bila gundi yake siwezi kuichukua. Pole sana." Pole ya nini? Nilimchinjia kuku, akala akashiba, akaenda zake.

Lakini mwiko nilikuwa nimeuvunja, na kwetu aliyevunja ndiye anayetoa faini. Nikakamata jogoo wangu mkubwa, nikampa mjukuu ampelekee baba yake Mwakitolyo. Sijawahi kulipa kitu kwa furaha namna ile. Alipopita uani jogoo ananing'inia miguu juu, mimi nilikuwa nimeinama kwenye ungo, natazama kama ng'ombe wangu amekauka.