Aliuchekesha mji kwa mguu wa tarishi

Saa mbili kasorobo asubuhi, karani wa masjala anausukuma mlango wa chuma kwa bega, maana kitasa kiliharibika mwaka juzi na hakuna aliyekuja kukitengeneza. Chumba kiko chini ya ngazi za ofisi ya manispaa. Kina dirisha moja, dogo kama sinia, na rafu za mbao zinazogusa dari. Anajifunga kitambaa puani, anavuta faili moja na kulipiga kofi mgongoni. Vumbi linapaa. Anapiga chafya mara tatu.

"Wazee wananisalimia," anasema.

Huko juu ghorofani wenzake wanamwita Bi Vumbi, na yeye anaitika. Ana miaka arobaini na minne. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza humu, akipanga barua za watu ambao wengi wao wameshazikwa.

Kwa miaka sita alikuwa na kazi nyingine pembeni. Kila Jumamosi aliandika gazetini safu ya historia ya kuchekesha. Si historia ya vita na wakubwa. "Hiyo ina wenyewe," anasema. Yake ilitoka katika mafaili haya haya: diwani aliyetaka majogoo wapigwe marufuku kuwika kabla ya saa kumi na mbili, au kikao cha wajumbe tisa kilichochukua saa nne kuchunguza nani alikalia kiti kikavunjika, huku wote wamesimama kwa kuviogopa viti vilivyobaki.

Malipo ya safu nne kwa mwezi hayakufika hata robo ya mshahara wake wa ukarani. Hakujali.

"Unakaa saluni, unamsikia mtu asiyekujua anamsimulia mwenzake ulichoandika, wanashika mbavu. Raha ile hailipiki."

Sasa ni miezi miwili hajaandika hata mstari mmoja. Nilimuuliza kwa nini.

"Niulize jingine kwanza," alisema.

Niliuliza mengine. Tulizungumzia panya, tukazungumzia wino. Mwishowe alirudi mwenyewe kwenye lile swali, akaanza kueleza.

Faili lilikuwa jembamba, la karibu miaka sitini iliyopita. Ndani yake mlikuwa na barua kumi na moja za tarishi wa manispaa, mtu aliyezunguka mji mzima kwa miguu akipeleka nyaraka. Ofisi ilimpa viatu vya kazi, na vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto. Akaandika kuomba vibadilishwe. Hakujibiwa. Akaandika tena, na tena, kwa muda wa miaka miwili, huku kanuni zikimlazimu avae viatu vya ofisi au asije kazini.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema karani. "Nikajua Jumamosi hiyo nimepata."

Aliandika habari ya tarishi asiyejua kulia wala kushoto kwake. Alinukuu vipande vya barua kama maneno ya mtu mzito wa kuelewa. Akaongeza utani wake juu ya mwendo wa tarishi njiani. Na akaandika jina la tarishi huyo kamili, la kwanza mpaka la ukoo. Hapa silirudii. Limeshatajwa vya kutosha.

Watu walipenda. Mtangazaji wa redio aliisoma hewani, akishindwa kumaliza sentensi kwa kicheko. Mhariri wa gazeti alimpigia simu kumpongeza, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka sita.

Siku tisa baadaye, bibi mmoja alishuka zile ngazi taratibu, mkono ukutani. Ni mshonaji mstaafu wa miaka sabini na mmoja. Alikuwa amelikunja gazeti ndani ya mfuko wa plastiki.

"Wewe ndiye unayeandika vichekesho?" aliuliza.

"Ndimi, mama. Karibu, karibu." Karani alimfutia kiti vumbi kwa upindo wa kanga yake. Alidhani amepata msomaji. "Kipi kimekuchekesha zaidi?"

Anapofika hapa, Bi Vumbi anajifunika uso kwa viganja. "Nilimuuliza hivyo. Kwa mdomo wangu. Tena natabasamu."

Bibi hakukaa. "Mimi ni mtoto wa huyo uliyemcheka," alisema.

Kisha akaeleza, bila kupaza sauti. Baba yake alichechemea mpaka anaingia kaburini. Watoto wa mtaa walimfuata nyuma wakiimba "Kushoto-Kushoto", na yeye na ndugu zake waliitwa watoto wa Kushoto. Ilibidi familia ihame mtaa. Huko walikohamia hakuna aliyejua, na wao hawakusema. Miaka ikapita, jina likafa.

"Juzi mwalimu kawasomea gazeti lako darasani," bibi alisema. "Si kwa ubaya, kaona ni jambo la kufurahisha. Mjukuu wangu, wa upande wa kaka yangu, ana ukoo uleule. Wenzake wakamvua viatu wakamwambia avae vya kwao, vya kushoto vitupu. Kaja nyumbani peku, viatu kavishika mkononi. Ananiuliza, bibi, ni kweli baba yako alikuwa mjinga?"

Karani alisema samahani mara nyingi, mpaka neno likawa halina maana. Ndipo bibi akauliza swali moja.

"Humo kwenye faili, hukuona mwisho wake?"

"Hapana, mama. Faili linaishia hapo."

Huo ulikuwa uongo.

Baada ya barua ya kumi na moja mlikuwa na karatasi mbili zaidi. Moja ni cheti cha zahanati: vidole viwili vya mguu wa kulia vimekatwa, kidonda kimeoza. Nyingine ni barua ya manispaa, ya mistari minne, ikimfukuza tarishi kazi "kwa uzembe na mwendo wa polepole".

"Niliziona siku ileile ya kwanza," Bi Vumbi ananiambia. "Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikasema, ah, hizi zitaharibu kicheko. Nikafunga faili. Sikusahau, sikupitiwa. Nilichagua. Halafu mtoto wake kasimama mbele yangu, nikamdanganya tena."

Mumewe, fundi wa majokofu, anasema zile siku tatu zilizofuata mkewe aliunguza mboga mara mbili na hakujibu simu hata moja. "Nikamwambia, mke wangu, kama umekosa nenda kaseme. Utakaa nalo mpaka lini?"

Siku ya nne alitoa nakala za karatasi zote kumi na tatu, akauliza-uliza kwa mafundi cherehani mpaka akafika nyumbani kwa bibi. Alisimama mlangoni na kusema kabla hajakaribishwa: "Mama, nilikudanganya. Mwisho niliuona."

Bibi anakumbuka alitaka kufunga mlango. "Lakini nikaona karatasi mkononi," aliniambia nilipomtembelea. "Mwandiko wa baba sikuwa nimeuona tangu tumzike. Nikamwambia ingia, nisomee. Macho yangu hayaoni herufi ndogo."

Karani alisoma. Barua ya kwanza ilikuwa ya kawaida, yenye heshima na taadhima. Ya nne ilisema: "Mguu wangu wa kulia unakusalimu na unauliza siku yake ni lini." Ya saba: "Kama ofisi inaye tarishi mwingine aliyepewa viwili vya kulia, naomba tukutanishwe, tutapatana wenyewe." Ya tisa: "Barua za mitaa ya kushoto zinafika mapema. Za mitaa ya kulia naomba ziandikwe siku moja kabla."

Hapo bibi aliangua kicheko. Alicheka akishika meza, machozi yakimtoka.

"Huyo ndiye baba!" alisema. "Nyumbani alikuwa hivyohivyo. Mama akikasirika, baba anamwandikia barua ya maombi ya chakula, anaisukuma chini ya mlango wa jikoni."

Bi Vumbi anasema kicheko kile kilimuumiza kuliko ukali wote wa siku ya kwanza.

"Nina miaka sita najiita mtu wa vichekesho, na sikuona kwamba mzee alikuwa anatania. Alikuwa anawacheka wao, wakubwa wake, kwa adabu kabisa, mguu unaoza. Mimi nikachukua utani wake, nikamgeuza yeye kuwa mjinga. Nilimwona ni tarishi tu. Nikadhani tarishi hawezi kunizidi akili."

Aliandika makala ya kusahihisha, kurasa tatu, yenye kila kitu pamoja na uongo wake. Mhariri aliipunguza ikawa mistari mitano ya kuomba radhi, chini ya tangazo la mabati. "Wasomaji hawataki kilio Jumamosi," alimwambia. "Pumzika wiki mbili, urudi na kingine." Karani alimjibu kwamba hatarudi mpaka ile ndefu itoke. Mpaka leo haijatoka.

Je, bibi amesamehe?

"Bado," alisema, akikata uzi kwa meno. "Uchungu wa mjukuu wangu siwezi kuufuta kwa sababu mtu kalia mlangoni. Lakini anakuja kila Jumapili, tunazisoma. Mjukuu ameshaikariri ya tisa."

Kuna mafaili mengine ya kuchekesha. Bi Vumbi ameshaweka kando matano. Kabla ya kuandika lolote anataka kwanza kutafuta watoto na wajukuu wa waliomo, agonge mlango, asome mbele yao faili lote mpaka karatasi ya mwisho. Familia ikikataa, litarudi rafuni. Kwa matatu tayari amepata anwani. Akipata ruhusa, ana ndoto ya kitabu.

Lakini kuna la kwanza. Mwalimu mkuu wa shule ya mjukuu amekubali ombi lake. Jumatano saa nne atasimama mbele ya darasa la sita, wanafunzi arobaini na wawili, na yule mjukuu wa bibi akiwa kwenye dawati lake. Amezoea kuandikia maelfu asiowaona. Hawa wa kuwaona usoni wanamnyima usingizi.

Nilimuuliza kama ameandaa cha kuwachekesha ili mambo yawe mepesi.

"Hapana," alisema. "Nitawasomea barua za mzee kama alivyoziandika. Halafu nitawaambia nilichokificha, na kwa nini. Wakicheka kwenye barua, watakuwa wanacheka pamoja naye." Akakunja kile kitambaa cha puani mara mbili, mara nne. "Na nikifika kwenye sehemu yangu, wakitaka kucheka, basi wanicheke mimi."