Florentine Wabiwa Aliyekataa Kusema Ilikuwa Salongo

Huyu ni Florentine Wabiwa, binti ya Etabo aliyechoma matofali ya kanisa kule Fizi, mjukuu wa Mlondani aliyepanga ngazi za mawe ambazo bamama wa Swima wanashukia ziwani mpaka leo. Yeye mwenyewe ni mwanamke wa kwanza niliyemwona hapa Baraka akiongoza mafundi wa kujenga. Namjua tangu alipokuwa akimkanyagia baba yake udongo, na kichwa kilikuwa kigumu tayari.

Mwaka jana alipewa kazi ya kujenga madarasa sita Lubondja, kule milimani. Mvua ilikaribia, paa bado. Akafanya kosa ambalo sisi wote hapa tungelifanya: akaita salongo. Salongo tunaijua, Jumamosi asubuhi kila mtu anatoka na jembe, anaziba mashimo ya barabara bure, juu barabara ni mali ya wote. Yeye akaiingiza kwenye chantier yake, pale anapojenga kwa malipo. Watu wakapanda kwenye miti ya paa wakiimba, bila kofia ngumu, bila jina lao kuandikwa popote.

Gordien, fundi mbao, mkimbizi kutoka Burundi, akakanyaga mti uliooza. Akaanguka, mguu ukavunjika.

Inspecteur wa kazi, mkaguzi wa serikali, alipofika, Placide, msimamizi wa mafundi, akamvuta Florentine kando.

"Mama, useme tu ilikuwa salongo. Salongo haina patron wa kushitakiwa. Karatasi ya ajali hatutajaza, chantier haitafungwa."

"Na Gordien?"

"Alikuja kusaidia, kama jirani."

"Jirani! Huyu baba wa batoto saba alipanda milima yote hii juu ya kunipenda mi?"

Mafundi waliosikia wakacheka. Florentine hakucheka. Akamgeukia inspecteur.

"Baba, andika. Ni mi nilimuita. Alikuwa kwa kazi yangu."

Chantier ikafungwa wiki tano. Mvua ikabomoa ukuta mmoja. Sokoni bakamchokoza: "Mama Sheria, ngoja mvua ikujengee!"

"Mvua ni ya Mungu," akajibu. "Mguu wa Gordien ni wangu."

Matibabu yote alibeba yeye, na uji wa mgonjwa alipika kwa mkono wake. Kisha akaandikia kila fundi mkataba, akausoma kwa Swahili mpaka wa mwisho akaelewa. Kofia zikaja. Na kwa kuwa sheria inawapa wafanyakazi haki ya kuchagua mtu wa kuwasemea, wakamchagua Gordien, angali na magongo. Nimeona wakubwa wengi wakijenga. Aliyejishitaki mwenyewe, ni huyu tu.

Asubuhi ya kufungua tena, Florentine akamwekea Gordien ufunguo wa lango mkononi.

"Shika, baba. Muntu asipande kama haujaona mkataba wake na kofia kichwani."

"Na kama ni we, Mama, unaita tena salongo?"

"Unifungie inje. Lakini leo anza na Placide. Kofia yake iko wapi?"