Iliyohifadhiwa Mwisho

Kazini walimwita Kiroboto, na jina hilo hakupewa kwa uonevu. Akiandika, goti lilitikisika. Akiongea kwa simu, alizunguka meza. Akingoja kompyuta iwake, alikuwa ameshakwenda jikoni, akabandika maji ya chai, akayasahau, akarudi. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za kampuni moja ya ujenzi, na kwa mtu wa aina yake hiyo ni adhabu, maana nusu ya kazi ya kompyuta ni kungoja.

Kampuni ilikuwa na seva mbili, yaani zile kompyuta kubwa zinazotunza kazi ya wote. Moja ilikaa ofisini ndani ya kabati lenye feni, nyingine ilikaa kwenye kontena la msimamizi kule jengo lilikokuwa linapanda. Folda ya ramani ilikuwa ileile pande zote mbili. Ukibadilisha kitu huku, baada ya muda mfupi kinabadilika na kule. Basi kampuni nzima iliishi kwa kanuni moja: kilichomo kwenye folda ndicho kinachojengwa. Hakuna cha kupigiana simu, hakuna cha "mimi si nilikwambia".

Msimamizi mwenyewe alikuwa baba yake mzazi. Mafundi walimwita Mzee Timazi, kwa sababu ukuta ukipinda hata kidogo, jicho lake lililiona kosa kabla ya uzi wa timazi. Jengo hili lilikuwa la mwisho kwake, likiisha, anastaafu. Kwa miaka mingi alikuwa ameikimbia kompyuta kama mtoto anavyokimbia sindano. Akaja kukubali uzeeni, bintiye akamfundisha jioni baada ya jioni. Na Kiroboto, asiyeweza kusubiri hata yai lichemke, alikaa akimngoja baba yake atafute herufi mojamoja kwa kidole cha shahada.

Mzee alijifunza kufungua ramani, kuandika maoni pembeni, na kuhifadhi. Hilo la kuhifadhi alilipenda kupita yote. Alihifadhi alichokiandika, akahifadhi na alichokitazama tu, kila jioni kabla ya kufunga kontena, kama mtu anayesukuma mlango kuhakikisha umefungwa. "Mimi sipotezi kitu," aliwatambia mafundi, na kifua mbele.

Sasa, siku chache nyuma umeme ulikuwa umekatika kwenye ujenzi, na seva ya kontena ikazimika ghafla. Seva ikizimika hivyo, hata ikiamka haijiamini tena. Inaacha kupokezana na mwenzake mpaka binadamu aje aseme: haya, endeleeni. Ilitoa onyo, ndiyo, lakini mahali ambapo Kiroboto peke yake ndiye hupasoma, na Kiroboto alikuwa nyumbani na mtoto mwenye homa. Basi kila upande ukaendelea na shughuli zake ukidhani uko pamoja na mwingine. Hakuna taa nyekundu iliyowaka, wala king'ora. Ndivyo yanavyokuja mambo mabaya ya kompyuta, kimyakimya, na wajuaji wanasema mashine haikosei!

Asubuhi aliyorudi kazini, aliliona lile onyo hata kabla ya kuvua mkoba. Ukutani, juu ya kabati la seva, alikuwa amebandika karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe: nakili kwanza pande zote, linganisha, ndipo uruhusu. Aliitazama karatasi hiyo kama mtu anavyotazama picha ya mkwe. Kunakili kungekula asubuhi nzima. Mwenda pole hajikwai, wenzake walizoea kumwambia, naye alizoea kuwajibu kwamba mwenda pole huchelewa. Akaruhusu.

Akaenda kubandika maji ya chai.

Aliporudi, kioo kilikuwa kimejaa taarifa za mafaili yaliyogongana. Kanuni ya seva ni hii: pande mbili zikiwa zimegusa faili moja, iliyohifadhiwa mwisho ndiyo inayoshinda. Iliyoshindwa hutupwa kwenye folda ya siri, na folda hiyo ni ndogo. Ikijaa, inafuta ya zamani bila kumuuliza mtu. Seva haijui ramani ipi ina akili. Inajua saa tu. Na kwenye ile orodha ndefu Kiroboto aliona ramani ya mhimili wa ngazi, ile boriti inayozibeba. Mshindi: kontena. Aliyeshindwa: Mhandisi, mwenye hesabu za jengo zima.

Alimgeukia dada mchoraji wa meza ya pili.

"Dada, huu mhimili wa ngazi, Mhandisi aliugusa juzi?"

"Aliugusa? Alilala nao! Alisema ule wa mwanzo hautabeba, akaongeza nondo chini. Uchungu wa uzazi ulimshika, mkono ukiwa bado kwenye kipanya. Jana kajifungua, hujasikia? Mtoto wa kike."

"Na kule leo wanafanya nini?"

"Leo si ndiyo siku ya kumwaga zege la ngazi? Baba yako hajakwambia?"

Kiroboto aliifungua ramani. Nondo za Mhandisi hazikuwepo. Pembeni yalikuwepo maoni ya baba yake, maneno machache yaliyochapwa kwa jasho, mengine yakiwa yameungana: mbaozimefika, nondo tayari. Zege likishamwagika, limemwagika; maji unaweza kuyakausha, zege utaliondoa kwa nyundo au litakuangukia. Watu wangepanda na kushuka ngazi zile miaka yote iliyobaki. Na juu ya ngazi hizo lingekaa jina la Mzee Timazi, kwenye jengo lake la mwisho.

Picha kutoka kwenye ujenzi zilikuwa bado zinaingia, kubwa kubwa, nazo zikigongana na kutupana kwenye ile folda ndogo. Kila picha iliyotupwa iliisogeza ramani ya Mhandisi karibu na kufutwa. Vidole vilimwasha. Alitaka kuzima kila kitu, kuwasha kila kitu, kuling'oa kabati zima kutoka ukutani. Akaikamata mikono yake, mmoja ukaushika mwingine. Kisha akasimamisha kupokezana kwa amri moja, akaihamisha folda ya siri mahali pasipofutika, na akaanza kuyafungua yaliyomo.

Mafaili yaliyoshindwa yalikuwa yamepachikwa mikia ya herufi na namba isiyosomeka. Akafungua, choo. Akafungua tena, dirisha. Akafungua, choo kilekile kikiwa kimegeuzwa. Alikuwa amesimama, mguu mmoja juu ya kiti, akiitukana mashine kwa sauti ya chini ili dada mchoraji asisikie. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia adhuhuri. Akafungua, mhimili, na chini yake nondo za ziada kwa rangi nyekundu aliyoipenda Mhandisi.

Alipumua, lakini hakukaa. Akaichukua simu, akazunguka meza, akairudisha mezani. Angemwambia nini baba? Angesema ni mtandao. Watu wote husema ni mtandao, na mtandao hauna mama wa kuutetea. Ramani mpya imeingia, baba, simamisha kidogo, mtandao ulituchelewesha. Hapo hakuna wa kuaibika. Akapiga.

"Baba, shikamoo. Zege mmeshamwaga?"

"Marahaba. Gari ndiyo linaingia getini. Nini, mbona unahema?"

"Msimwage. Ramani uliyochapisha ni ya zamani. Ya kwako haina nondo za Mhandisi. Ni mtandao, baba, ulikatika tangu siku ile ya umeme."

Nyuma ya mzee injini ya gari ilikuwa ikiunguruma.

"Mtandao umekatika, sawa," alisema. "Lakini leo asubuhi ninyi huko ofisini mna ipi?"

Kiroboto hakuwahi kujua kumdanganya mtu anayeuliza polepole. "Ya kwako."

"Imefikaje huko, ikaiondoa ya Mhandisi?"

"Iliyohifadhiwa mwisho ndiyo inayoshinda."

"Mimi jana sikubadilisha kitu. Nilitazama tu," alisema mzee. "Halafu nikahifadhi."

"Baba, sikiliza, aliyeruhusu ni mimi, nilitakiwa kwanza—"

Hakuwa akisikiliza. Simu ilikuwa imeshuka mkononi mwake, na Kiroboto akaisikia sauti ya baba yake ikipaa juu ya injini, sauti ileile iliyokuwa ikimwita nyumbani alipokuwa mdogo. "Simamisheni! Rudisheni gari! Nondo za ngazi zifunguliwe zote. Nimekosea mimi!" Kelele za kazi zilikatika. Kisha mtu mmoja akacheka kidogo, akasema, "Ndiyo uzee huo," na wengine wakacheka naye.

Alitoka ofisini bila mkoba. Mpaka anafika kwenye ujenzi, mapafu yalikuwa yanawaka moto. Juu, mafundi walikuwa wakikata waya za kufungia nondo kwa koleo. Aliwasalimia, wakamjibu kwa kichwa. Gari la zege lilikuwa limeshaondoka, na kwenye udongo ilibaki mistari ya matairi.

Mzee alikuwa ndani ya kontena, amekaa mbele ya kompyuta, kofia ya kazi magotini. Ramani nyekundu ya Mhandisi, ambayo dada mchoraji alikuwa ameituma kwa simu, ilikuwa pembeni yake. Kwenye kioo ilikuwepo ile yake.

"Baba, kosa ni langu. Nilipaswa kunakili kwanza, nikalinganisha. Sikungoja. Ningengoja, kuhifadhi kwako kusingedhuru kitu. Nitawaambia wote, sasa hivi, nipande huko juu niwaambie."

Mzee alimtazama kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza. "Tangu utotoni hukupenda niaibike," alisema. "Siku ile nilipoanguka ngazini ulisema umenisukuma wewe. Asante, mama. Kaa, upumzike."

"Safari hii ni kweli!"

"Sawa, mwanangu. Sawa."

Kiroboto akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasimama, akakaa. Mzee aliiweka kofia mezani, akaisogeza kibodi mbali naye, taratibu, kama inayovunjika. Kisha akaiingiza mikono yote miwili chini ya mapaja.

"Nataka kuuona huo mhimili vizuri, niwaelekeze vijana," alisema. "Nifungulie wewe. Nikiutazama tu, bila kugusa, hautaharibika?"

"Hautaharibika, baba."

Akamfungulia. Mzee akainama, akatazama, na mikono yake haikutoka chini ya mapaja.