Shairi Langu la Viazi na Kelele Zao

Kwenye mjadala wa klabu yetu, mada ilikuwa kwamba kazi ya ubunifu hufanywa vizuri na mtu mmoja kuliko kikundi. Niliwekwa upande wa mtu mmoja. Niliamini hivyo kabisa, ila sikusema neno. Mimi nikiambiwa nisimame mbele ya watu, sauti hukimbilia tumboni ikajificha huko. Nilipiga makofi tu, tukashinda, nikaenda nyumbani nikitembea kama mtu aliyehutubia.

Kwa hivyo nilipotunga shairi la viazi nililitunga peke yangu, nyuma ya jiko la mama, hapa kwetu Kibirichia ambapo mtu asipopanda viazi majirani huuliza kama ni mgonjwa. Lilikuwa shairi la huzuni. Jembe lililia, mama aliinama kimya, na ubeti wa mwisho ulisema kiazi kilichochomwa huvaa majivu kama mtoto aliyevaa koti la babake. Huo ubeti niliupenda mpaka nikawa naukariri nikioga.

Nilimpa mwalimu wa Kiswahili, nikatoroka kabla hajaanza kusoma. Kesho yake akaniita.

“Hili litasikika siku ya wazazi. Utalikariri wewe, ama nikipe kikundi?”

Nilitaka sana lisikike. Nikaangalia viatu vyangu.

“Kikundi, mwalimu.”

Nilijuta kabla sijafika mlangoni.

Kikundi chenyewe ni wale wanafunzi wa darasa letu wasiojua kunyamaza. Anayewaongoza ni kijana wa dawati la mbele, ambaye hata akiomba kalamu unadhani anatangaza mpira. Walikaa kwenye nyasi wakasoma shairi langu. Mimi nilikaa kando kidogo nikijifanya natoa matope kwenye soksi.

“Wewe,” kijana akaniita, “ushawahi kuchimba waru kweli?”

“Kila likizo,” nikasema, maana waru ndivyo viazi kwetu.

“Sasa mbona hili shamba lako limenyamaza hivi? Kwenu mnachimba waru ama mnazika?”

Wakaangua kicheko. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Lakini msichana mmoja, jirani yetu, akasema bila kucheka sana, “Hata wewe mwaka jana ulikata kubwa kuliko zote, na nani alikupigia kelele kama si mimi?”

Alisema kweli. Kwetu wakati wa kuvuna majirani huchimba pamoja, shamba la huyu leo, la yule kesho. Jembe lako likikata kiazi katikati, shamba lote hupiga kelele, “Amekata! Amekata!” Aliyekata anapelekwa kwenye moto ulio kando ya shamba, akichome kile kiazi, awagawie wenzake, yeye ale mwisho. Mama yangu hakati, lakini ndiye hupiga kelele kushinda wote. Na mimi nilikuwa nimemwandika ameinama kimya kama sanamu, eti kwa sababu huzuni inapendeza kwenye shairi.

Basi wakaanza kulichimba. Beti mbili za kilio zilitupwa na sikuzilinda. Mmoja akaleta mdundo wa majembe kwa kupiga miguu. Kijana akataka kila baada ya ubeti wote waseme “Amekata!” Mwingine akataka mbuzi aingie ale majani, tukabishana juu ya mbuzi mpaka kengele ikalia. Mimi niliyekuwa kando nilijikuta katikati, nikipiga kelele kwamba mbuzi hana kazi hapo! Mbuzi akatolewa. Walipotaka kugusa koti la baba nikasema hapana, hilo halitoki, na nikashangaa kusikia ni sauti yangu.

“Haya, mama shairi,” kijana akasema, “kama halitoki, utalisema wewe.”

Siku ya wazazi niliwekwa mwishoni mwa mstari. Miguu ilipiga mdundo, wenzangu wakapokezana beti, wazazi wakacheka tangu mwanzo. Kisha wote wakanyamaza na kunigeukia. Nikafungua mdomo. Ubeti niliokuwa nikiusema nikioga, ubeti wangu mwenyewe, haukuwepo. Nilimwona mama yangu katika safu ya tatu ameshika leso yake kwa mikono miwili.

Ndipo yule kijana akanielekezea kidole na kupaza sauti, “Amekata!”

Kikundi kizima kikadakia, “Amekata! Amekata!” Halafu, lo, wazazi nao! Wakulima wa viazi wote wale, hata mzee wa kanisa, wakainuka kwenye viti wakinipigia kelele kama tuko shambani. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, na nadhani sauti ilitokea huko huko ilikojificha, kwa sababu ubeti ulikuja wote, koti na majivu. Ila hakuna aliyeusikia. Watu walikuwa bado wanapiga kelele.

Jioni mama alikuwa akimenya viazi vya kuponda na mahindi tule mukimo huku akisema peke yake, “Amekata, amekata,” na kucheka.

“Hiyo kitu yenu nani alitunga?” akaniuliza.

Nilitaka kusema ni mimi. Lakini alichokuwa akikirudia kilikuwa cha yule kijana, na mdundo ulikuwa wa mwingine.

“Ya majivu ni yangu,” nikasema. “Ya kelele ni yao.”

“Ya kelele ndiyo tamu.”

“Najua, mama.”

Akamenya kingine, akakitupa kwenye sufuria. “Hiyo ya majivu sikuisikia vizuri. Hebu simama uniambie.”

Nikasimama kati ya jiko na mlango, nikamwambia yote bila kukata.