Wanaume Watupu Kwenye Shajara

Juzi nilikuwa kwenye duka la kompyuta pale Langoni, nikingoja kopi ya kitambulisho. Feni ilizunguka kivivu, na kwenye skrini majina ya waliokufa zamani yalipanda taratibu kama moshi wa udi. Mzee mmoja alikuwa akimsomea mpiga chapa nasaba ya ukoo wao: fulani bin fulani bin fulani, wanaume watupu.

Dadake, aliyeketi nyuma yake na buibui lake, akauliza kwa upole, "Na mama zetu wako wapi?"

"Wanawake hawaandikwi kwenye shajara ya ukoo, dada."

"Haya. Na siku ukizikwa, msoma talkini atakuita mwana wa nani?"

Sote mle dukani twajua kwamba kaburini maiti huitwa kwa jina la mamake. Mzee alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Rudi yuu kabisa, mwanzoni," akamwambia mpiga chapa. "Anza na mama."

Nilitoka nikiwataja wazee wangu kimoyomoyo, jina baada ya jina. Upande wa baba nilifika hadi kwa babu aliyevuka bahari kutoka Hadhramaut, bila kujikwaa. Upande wa mama nilifika Faza kwa bibi, nikakwama.