Kumbikumbi wa Mama

Sipendi wadudu. Sipendi hata kuwasikia wakitambaa kwenye karatasi. Mtaalamu wa nyuki alipokuja kukifundisha kikundi chetu cha akina mama, akanyanyua sega lililojaa majana, yale mabuu meupe yanayojinyonganyonga, niliziba pua utafikiri yananuka. Akasema nyuki akizeekea kazi ya kutafuta maua, kichwa chake huchoka na kujifunza jambo jipya humpa shida. Lakini akirudishwa mzingani kulea majana, akili huweza kumrudia.

"Na binadamu je?" nikauliza.

"Binadamu si nyuki, mama."

Nilimchukia siku nzima, kwa sababu asubuhi ile mama yangu mzazi alikuwa ameniamkia mimi, mtoto wake wa kumzaa, "Shikamoo."

Tulikuwa tumemtoa Matombo, huko milimani, tukamkalisha mjini kwenye kiti cha plastiki. Mimi na ndugu zangu tulikubaliana asiguse kitu: ufagio, jiko, hata kisu cha kukatia mchicha. Tuliiita heshima, na majirani wakatusifu. Mama akawa anakaa tu, mate yanamtoka, nzi wanamtua mdomoni. Niliwafukuza huku nikiona kinyaa, kinyaa cha nzi na, Mungu anisamehe, kinyaa cha yale mate.

Mvua za kwanza zilipopiga, jioni kumbikumbi wakafumuka ardhini. Walijaa barazani, wakaniingia kwenye nywele, wakaelea kwenye chai. Mwili mzima ulinisisimka. Nikakimbilia ufagio.

Mama akaninyang'anya. Akaweka beseni la maji chini ya taa, wakaanza kudondokea humo wenyewe. Ndugu zangu wangekuwepo wangemrudisha kitini. Mimi nilikumbuka yale majana, nikamwachia jiko. Aliwaosha, akawakaanga bila mafuta, akatia chumvi, akapeta mbawa kwenye ungo bila kuuliza chochote. Harufu yao ilinikaa kooni.

Akaja na ungo, akanitazama. Nikajua ataniamkia tena.

"We mtoto, husalimii?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungua mdomo."

Nilitafuna. Kitu kikanasa kwenye jino, sikutaka kujua ni kichwa au mguu. Nikameza, nikajikaza nisitapike, kisha nikafungua mdomo tena.